Ratili Nne za Gunia

Watu wananiita Bingwa hadi leo, na mimi huitika. Nimezoea. Lakini ule mkanda wa uzito wa juu wa mashamba ya Ruiru na Thika niliukalia miaka miwili kwa uoga, na wacha niseme sasa, maana waliokuwa na haki ya kunicheka wamekufa karibu wote.

Nilikuwa nyapara kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, miaka ile ya hali ya hatari. Mzungu mwenye shamba alipenda ngumi kuliko kanisa. Niliposhinda mkanda alinitoa kwenye vibanda vya vibarua akanipa nyumba ya mawe, mimi na mke wangu na watoto watatu. Akaniambia wazi kwamba siku mkanda utakapoondoka, nyumba na unyapara vitaufuata. Na Mkikuyu asiye na kazi siku hizo alijua anakopelekwa: lori, waya wa miiba, maswali na viboko. Kwa hivyo mtu asiniambie nilikuwa nalinda sifa.

Aliyenitafuta alikuwa Mluhya wa kiwanda cha ngozi, Thika. Kazi yake ilikuwa kuvuta ngozi mbichi kutoka kwenye mashimo ya dawa, kutwa nzima, na kila ngozi ilikuwa na uzito wa mtu mzima. Hakuwa mnene. Kwa bondia wa uzito wetu alikuwa mwembamba hata, lakini mabega yale, aai, niliyaona mara moja tu nikajua nina kazi.

Nikaanza kumkwepa. Kwanza nilisingizia pasi. Sisi Wakikuyu hatukuweza kutoka Ruiru kwenda Thika bila pasi, na kila walipopanga pambano Thika nilituma salamu kwamba nimenyimwa. Uongo mtupu! Sikuwa nimeomba. Halafu nikajifunga mkono kitambaa mwezi mzima, nikala kwa mkono wa kushoto hata mbele ya mke wangu. Mwisho nikasema hawezi kunifikia mimi hivi hivi, awapige kwanza watatu niliowataja: mkata mawe wa Ndarugo, askari jela mmoja, na fundi wa mashine za mkonge.

Akawapiga. Yule mkata mawe nilimwona kwa macho yangu, hapo kwetu Ruiru. Ngumi moja ya kulia taya likahama upande, mdomo ukabaki wazi hauwezi kufunga, mate na damu vikitiririka kifuani. Alianguka ulingoni kama gunia, na yule Mluhya akarudi kwenye kona yake akaketi, hana hata furaha. Askari jela alipoteza jicho. Fundi aliacha pambano raundi ya pili, akasema afadhali aitwe mwanamke. Nilikuwa nimeishiwa na watu wa kuwaweka mbele yangu.

Pambano likapangwa Ruiru, Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wetu wa kuanikia kahawa. Tulizungushia kamba za mkonge. Saa sita tukapimwa kwenye mizani ya kahawa, kwa sababu hapakuwa na nyingine, na aliyepima alikuwa karani wa mizani, mzee mwaminifu sana. Sheria ilikuwa moja: anayetaka mkanda wa uzito wa juu lazima apite ratili mia moja sabini na tano.

Nilipanda mimi kwanza. Karani akasoma: mia moja tisini na nne. Nikashangaa. Juzi yake tu daktari wa shamba alikuwa amenipima nikawa mia moja tisini na nane. Mara nikaelewa. Karani yule kwa miaka mingi alikuwa akipima kahawa iliyolowa, na kabla ya kusema uzito hutoa ratili nne za gunia na maji yake. Mdomo wake ulikuwa umezoea. Alinitoa gunia mimi, mtu niliyesimama na kaptura peke yake! Nilitaka kucheka.

Kisha akapanda yule wa Thika. Karani akasema mia moja sabini na mbili.

Hapo kicheko kiliniisha. Nilijua hesabu kamili. Ukirudisha zile nne za gunia, yule mtu alikuwa amepita kwa ratili moja, na neno langu moja lingetosha. Mzungu aliyesimamia pambano akatangaza kwamba uzito haufiki na pambano halipo, ila kama ataongeza kabla ya saa nane. Nikaangalia miti. Nikajitia hamnazo.

Mimi nilidhani ataenda zake. Yeye akaomba maji. Alichukua debe akainama, akanywa kwa bakuli, bakuli baada ya bakuli, macho yamemtoka, akala na ugali baridi wa vibarua juu yake. Alitapika kidogo, akanywa tena. Saa nane kasoro akapanda mizani tumbo limejaa, karani akatoa gunia lake kama kawaida, akasema mia moja sabini na sita. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Raundi ya kwanza alinivunja pua. Sikuona ngumi, nilisikia tu mfupa ukilia ndani ya kichwa, na damu ikanijaa kooni. Raundi ya pili nilimeza jino. Nilianguka mara mbili, na mara ya pili, uso kwenye vumbi la kahawa, nilimwona mke wangu ameshika watoto, nikaona ile lori. Nikasimama nikiwa najua ninachoenda kufanya.

Nikaacha uso wake. Nikampiga tumboni. Ngumi ya kwanza maji yalicheza ndani yake, ukayasikia, kama debe lililojaa nusu kichwani pa mtu. Akaguna. Nikapiga hapo hapo. Akainamisha mikono kujikinga, nikapitia ubavuni. Maji yakamtoka mdomoni na puani, meupe, yana vipande vya ugali, na refa akafikiri ni mate akatuambia tuendelee. Nikaendelea. Raundi ya nne yalitoka mekundu. Alikuwa bado amesimama, ananitazama, na mimi nilikuwa nalia na kupiga, nalia na kupiga, nikimwombea aanguke. Alipoanguka alijikunja magoti kidevuni, na wakambeba hivyo hivyo hadi hospitali.

Hakufa. Lakini alikojoa damu wiki nyingi, na mashimo ya ngozi hakuyarudia tena. Walimpa ufagio kiwandani.

Miezi mitatu baadaye niliomba pasi ya kwenda Thika. Nilipewa siku ile ile. Nilimkuta nje ya chumba chake ameketi juani, amekonda, mkewe anammiminia chai kwenye kikombe cha bati. Alinisalimu vizuri. Akaniuliza habari za pua. Baadaye akasema kuna jambo linamsumbua: hospitalini walimpima akiwa amekaa siku tatu bila kula, wakapata mia moja sabini na nne. Alikuwa amelifikiria sana, akamkumbuka karani wa kahawa, na watu wakamwambia hutoa ratili za gunia.

"Nyapara," akasema, "siku ile ulijua?"

Nilikuwa nimetoka Ruiru nikiwa na jibu la kweli mdomoni. Nilikuwa nimelirudia njia nzima. Nikamtazama mkewe, nikafikiria nyumba ya mawe, nikafikiria vile neno linavyotembea kutoka Thika hadi kwa mzungu wangu.

"Sikujua," nikamwambia.

Akaangalia chini. Akasema, "Basi unisamehe, ndugu yangu. Nimekuwazia mabaya miezi yote hii." Akanyoosha mkono, ule wa kulia.

Nikaushika. Nikamwambia nimemsamehe.