Mboga za Mama Zisizo na Chumvi

Kila Jumatano, kabla sijaingia kazini, nilipita sokoni Shinyanga nikajaza kapu la ukindu. Utaratibu wangu haukubadilika. Chini niliweka machungwa na ndizi zilizoanza kuiva, katikati nyanya, bamia na matango, na juu mafungu ya mchicha na majani ya kunde niliyoyafunika kwa kitambaa kilicholowa maji. Kisha nililipeleka stendi na kulikabidhi kwa konda wa basi la Mhunze. Mhunze lilipokelewa na mwenye baiskeli, naye alilifikisha kwa mama yangu kijijini.

"Bwana Afya!" Konda aliniita hivyo mbele ya abiria wake. "Huyu abiria wako wa kijani leo anakaa dirishani?"

"Kivulini. Usimpandishe kwenye keria."

"Mke wangu mwenyewe sijawahi kumtafutia kivuli namna hiyo."

Watu walicheka, nami nikacheka. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa Bwana Afya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mama alikuwa ameanguka akiteka maji kisimani, na mganga wa zahanati alipompima alikuta presha iko juu sana. Alimpa vidonge, vilivyokuwa vikipatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao, akamwambia apunguze chumvi. Mimi nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Shule niliiacha darasa la saba. Mengine niliyajua kwa vitabu vilivyokwisha tumika, nikisoma huku daftari liko pembeni. Nilitafuta kijitabu kinachoeleza presha, nikakisoma mara mbili, nikanakili ukurasa wa vyakula kwenye karatasi safi kwa herufi kubwa. Kwetu Kishapu, kiangazi hakina mboga mbichi. Watu hula zilizokaushwa, na miti yenyewe husimama mifupa mitupu. Kwa hiyo nilijipangia kazi: mboga zitoke mjini, chumvi itoke nyumbani kwa Mama.

Niliifanya sehemu ya pili kwa mkono wangu. Mama aliishi na shemeji yangu, mke wa kaka yangu aliyekuwa Geita akichimba dhahabu na ambaye habari zake zilitufikia kwa nadra. Shemeji alimsomea Mama karatasi ile mstari kwa mstari. Alipomaliza nikamwomba alete kopo la chumvi.

"Jirani akija kuomba chumvi nimwambie nini?" Mama aliuliza.

"Mwambie mwanao ameichukua."

"Nyumba haikosi chumvi, baba."

"Na nyumba ikikosa mama?"

Nililiona jibu zuri. Nikalitia kopo kwenye mkoba wangu, nikarudi nalo Shinyanga. Shemeji naye alianza kula chakula kisicho na chumvi siku hiyo. Sikumuuliza kama amekubali.

Kapu halikurudi tupu hata mara moja, maana Mama hakuweza kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Lilirudi na michembe ya viazi vilivyokaushwa, au karanga, au mayai yaliyofukiwa kwenye pumba. Mara moja kwa mwezi, chini ya vitu hivyo, palikuwa na kipande cha karatasi ambacho shemeji alikuwa ameandikiwa kule zahanati, chenye kipimo cha presha. Nilikibandika kwenye daftari. Mwezi wa kwanza presha haikuteremka. Mwezi wa pili haikuteremka. Mwezi wa tatu ilipanda.

Nililifikiria jambo hilo kama mtunza stoo. Mzigo ukipungua na vitabu viko sawa, kuna mtu anachukua. Vitabu vyangu vilikuwa sawa, niliviandika mwenyewe. Basi kulikuwa na mtu anayekula chumvi. Jumamosi moja nikapanda basi bila kutoa taarifa.

Nilimkuta Mama uani amekaa na wanawake watatu wa jirani, wakimenya karanga.

"Mwadila, mayu," niliwasalimu kwa Kisukuma.

"Bwana Afya amekuja!" akasema mmoja wao, mkubwa kuliko wote, rafiki wa Mama tangu walipoolewa kijijini pale. Jina lile lilikuwa limefika na basi. "Leo umekuja na kapu au umekuja ndani ya kapu?"

Sikucheka. Nilimwambia shemeji atoe nje kila chombo cha jikoni. Akatoa vyungu, vibuyu, makopo mawili na mtungi wa unga, akavipanga uani mbele ya watu. Nilionja unga. Nilichungulia ndani ya kila chungu. Katika kitambaa kilichofungwa fundo nilikuta mabonge yenye rangi ya majivu, nikagusisha moja ulimini. Lilikuwa chungu, lenye ladha ya sabuni.

"Magadi hayo, shemeji," aliniambia.

Nikalifunga fundo vizuri kama nilivyolikuta, nikaliweka pembeni. Sikuwa nimefuata magadi.

"Mama, chumvi unaila wapi?"

"Siili."

"Kipimo kimepanda."

"Cha kipimo sikijui. Chumvi sijaonja tangu uondoke na kopo."

"Basi unaila kwa hawa."

Wanawake waliacha kumenya. Rafiki yake akaniangalia.

"Hawa ndio sisi?"

"Sijasema mnampa kwa ubaya."

"Umesema kwa hawa. Unatuona tumekaa hapa kama watoto wanaoficha sukari nguoni?"

Ningeweza kunyamaza hapo. Badala yake nilimwambia Mama, wao wakisikia, kwamba kuanzia siku ile asile nyumbani kwa mtu yeyote, wala msibani, wala harusini, mpaka presha ishuke. Nilisema kipimo hakina sababu ya kudanganya. Sikusema nani anadanganya, lakini uani pale alibaki mtu mmoja tu wa kufikiriwa.

Mama aliangalia karanga zilizokuwa mapajani mwake.

"Nimesikia, baba," alisema.

Kwetu, anayekataa chakula cha jirani amesema neno zito bila kufungua mdomo. Amesema anaogopa kuwekewa kitu. Na miaka ile, katika nchi yetu ile ya Usukuma, mwanamke mzee aliyeanza kula peke yake alianza pia kusemwa kwa uchawi, na kusemwa kule mara nyingine kuliishia kwenye mapanga. Nilijua hilo. Sitajitetea kwa kusema sikujua. Nililipima nikiwa ndani ya basi la kurudi, nikaamua kwamba presha ndiyo hatari iliyo karibu zaidi.

Karatasi mbili zilizofuata zilikuja na kipimo kilekile. Nyuma ya ile ya pili shemeji alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Mama siku hizi anashinda ndani. Wenzake hawaji." Nilijibu kwa kuongeza mafungu mawili ya mchicha.

Kisha mkono wa kushoto wa Mama ukaanza kufa ganzi, nikamleta mjini. Hospitalini tulipokewa na nesi, mwanamke wa makamo, ambaye baada ya kumpima hakuandika kitu. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama, mboga unazipikaje?"

"Nachemsha na magadi."

"Kidogo?"

Mama akafungua kiganja na kuonyesha kwa kidole, katikati ya kiganja. "Zamani hivi." Kisha akaonyesha kiganja kizima. "Tangu chumvi iondoke naongeza, ndipo zinapita kooni. Na hizi za mjini zinafika zimechoka, hazilainiki upesi."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Mwanangu analeta nyingi. Sitaki zioze."

Nesi akanigeukia. "Mwanawe ni wewe?"

"Ndiyo."

"Hukuwahi kumuuliza anavyopika?"

"Nilimkataza chumvi."

"Magadi na chumvi ni watoto wa tumbo moja, baba. Presha haiwabagui."

Mama alinitazama. "Kwa hiyo na hayo utayabeba?"

Hakuwa akinikejeli. Ningependa sana angekuwa ananikejeli. Alikuwa akiuliza ili ajue, apeleke salamu kwa shemeji ayaweke tayari.

Jioni ile mke wangu alipika majani ya kunde kwa nyanya na karanga za kutwanga, bila magadi, akayaacha motoni mpaka yakalainika. Nilimweleza yaliyotokea. "Ungeniuliza mimi," alisema, akaendelea kusonga ugali. Miezi yote ile alikuwa akiniona nikilipanga kapu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna la kumuuliza.

Nilikifungua kijitabu. Neno magadi lilikuwemo. Lilikuwa katika ukurasa uleule, mstari wa chini ya chumvi. Niliporuka mstari ule wakati wa kunakili, niliuruka kwa makusudi: kwangu magadi yalikuwa kitu cha ugoro na cha ng'ombe, na nikaona mwandishi anajaza nafasi. Mama hakujua kusoma. Ukurasa ule ungeweza kulala chumba kimoja naye usiniseme, nami niliurudisha kabatini.

Alikaa kwetu mwezi na siku chache. Vidonge vilipatikana, magadi hayakuwepo, na presha ikateremka, si yote, lakini kwa kiasi kilichomfanya nesi arudie kupima ili ahakikishe. Mkono ukapata nguvu. Nikaamua kumrudisha mwenyewe. Ndani ya basi nilijitungia maneno nitakayosema kule, na nikayapunguza mpaka yakawa mafupi kabisa: Mama hakusema uongo, kosa lilikuwa langu.

Tulipofika, wale wanawake watatu walikuja kumpa pole ya safari. Hawakukaa. Walisimama ukingoni mwa uwanja, pale anaposimama mtu asiye na uhakika kama amekaribishwa. Shemeji alitoa mkeka, hakuna aliyeukalia. Mama aliketi kwenye kigoda chake, hatua mbili kutoka niliposimama.

Nilifungua kinywa. "Daktari amebadilisha masharti," nikasema. "Sasa anaweza kula nanyi. Chumvi tu iwe kidogo."

Rafiki yake akauliza, "Kumbe ni daktari aliyemkataza?"

"Ndiyo."

"Na aliyesema anakula chumvi kwetu, ni daktari?"

Mama alikuwa akinisikia. Alikuwapo nesi alipouliza, alikuwapo nilipojibu, na alijua kwamba siku ile ya karanga sikuwa nimeonana na daktari yeyote.

"Ni yeye," nilisema.

"Mwambie basi sisi si wezi wa afya ya mtu."

"Nitamwambia."

Mama aliinuka, akakaza kanga kiunoni. Alimshika rafiki yake mkono, wakaelekea nyumbani kwake, na wale wawili wakawafuata. Hakunitazama.