Tundu la Chakula cha Mchana

Marafiki zangu waandishi, ambao kila Ijumaa hubishana katika mkahawa mmoja wa Nakasero, huniuliza kama inafaa kulipia milo yote mapema unapokwenda kulala kwenye hoteli zile za kando ya ziwa zenye bustani za michezo. Huwajibu kwamba inategemea mama yako ni nani. Wangu alinishinda siku ya kwanza, mlo wa kwanza.

Mama amepika maisha yake yote. Amewapikia watoto sita, wafanyakazi wa duka letu la jumla kule Kikuubo, hitima, maulidi na harusi za ukoo mzima wa watu ambao mababu zao walikuja na misafara kutoka pwani wakasahau kurudi. Na katika nyumba yetu mpishi hula wa mwisho. Nimekua nikimwona akila amesimama jikoni, sufuria mkononi, akikwangua ukoko. Kwa hiyo riwaya yangu ya kwanza iliponiletea fedha kidogo, nilitaka jambo moja tu: siku mbili mama akae kitako, ale chakula ambacho hakukipika yeye. Nikalipia milo yote, yake, yangu, na ya mabinti wawili wa kaka yangu.

Langoni tulifungwa kanda za karatasi mkononi. Ukifika ukumbi wa kulia, msichana wa mlangoni anautoboa ukanda wako: tundu moja, mlo mmoja. Sikuona pa kukosea.

Saa saba mchana tuliingia, tukatobolewa wote wanne. Nikaenda kunawa. Niliporudi, mama alikuwa ameshawapakulia mabinti, amewatolea samaki miiba, na sasa anaipakulia meza ya jirani, familia ya watu wasiomjua, waliokuwa wakimshukuru wakidhani ni mfanyakazi wa hoteli. Sahani yake mwenyewe haikuwapo. Nilimsihi akae. Akasema anakwenda kuswali Adhuhuri kwanza, chakula hakina miguu.

Kweli chakula hakikuwa na miguu, lakini mlango ulikuwa na msichana.

"Hajati, wewe umeshakula," alimwambia mama aliporudi, akimwonyesha tundu.

"Sijala, mwanangu."

"Tundu hili hapa. Umekula."

Nilifika mbio. Nikaeleza, nikaapa, nikataka meneja aitwe. Meneja akaja, akalichunguza tundu kama daktari anavyochunguza kidonda, akasema utaratibu ni utaratibu. Sauti yangu ikapanda, watu wakageuka na vijiko mikononi. Mama akanivuta. Kwake hakuna aibu kubwa kuliko kusikika ukigombania chakula. Akaniambia twende, kwa sauti ile ya chini anayoitumia msibani.

Tukaketi kwenye benchi karibu na gurudumu kubwa, mabinti wakizungushwa juu angani na kupiga mayowe. Hapo mama akafungua mkoba wake, akatoa chapati. Chapati kumi na mbili, zimefungwa ndani ya kitambaa, alizozipika alfajiri ile ile mimi nikiwa nimelala nikiota jinsi atakavyopumzika. Nilitamani kulia. Nimelipia hoteli nzima imlishe, naye amekuja na masurufu kana kwamba tunavuka jangwa.

Hajameza tonge la pili, mlinzi akatusimamia, mzee mrefu wa kaskazini mwenye Kiswahili cha kambi za jeshi.

"Mama, chakula ya nje hapana ruhusa hapa."

"Na cha ndani nimenyimwa, afande. Nile mawe?"

Mzee akafikiri, akasema basi itabidi achukue ushahidi. Mama akamkabidhi ushahidi wa chapati mbili. Mzee akaula pale pale, amesimama, macho ameyaelekeza ziwani asije akaona kosa jingine. Punde wakawa wanajadiliana ni unga gani haukatiki ukisukumwa. Nilibaki na hasira zangu peke yangu. Mama alikuwa amepata mtu mwingine wa kumlisha.

Chakula cha jioni kilianza saa kumi na mbili. Alasiri alikwisha kuswali, Magharibi ilikuwa bado. Nilipanga saa ile kama jenerali apangavyo vita. Nikamkalisha kwenye kiti kinachotazama ukuta, nikawaambia mabinti wajipakulie, nikapanga foleni, nikarudi na sahani yake. Mara mbili alijaribu kuinuka. Mara ya pili nikamshika bega.

"Watoto hawajachukua mboga," akasema.

"Wana mikono, mama. Kaa. Nakuomba."

Akaonja pilau, akasema bizari imeungua. Akaonja tena ili kuhakikisha. Nilisimama nyuma yake kama askari jela, mpaka akasema hawezi kumeza mtu akimpumulia shingoni. Nikakaa. Alikula polepole, akiulaumu mchele, akiilaumu nyama, akiulaumu moto uliovipika, na hakubakisha hata punje. Kisha akatulia, mikono yake miwili juu ya meza, haina kazi. Sikuwahi kuiona hivyo.

Nilidhani atauliza vyombo vinaoshewa wapi. Akauliza kesho asubuhi wanapika nini. Karatasi ya orodha ya vyakula ilikuwa mbele yangu, nikaivuta nimsomee.

"Usiniambie," akasema. "Acha nisijue."