Bendera Nyekundu Kona ya Pili

Msimu wa mbio ulipofunguliwa mwezi wa Machi, Vuai Makame alikuta mlango wa choo cha uwanja, upande wa mashariki, umefungwa kwa mnyororo, na hakuna aliyeweza kumwambia kwa nini. Wiki iliyofuata jukwaa la nyuma likazungushiwa utepe. Baadaye wakaja watu wawili wenye vizibao vya rangi ya chungwa, wakasimamisha vyombo vyao vya kupimia katikati ya uwanja, wakapima kutoka ukuta huu hadi ule bila kumsalimia mtu. Vuai aliwatazama mpaka walipoondoka. Aliporudi nyumbani Lozells akamwambia mkewe, Asmahan, kwamba uwanja unapimwa kama maiti anayekatiwa sanda.

"Usiseme maneno hayo, Baba Thuwaiba," Asmahan alisema, akiendelea kukuna nazi. "Uwanja wa pikipiki tu ule."

Vuai alizaliwa Makunduchi, akaingia Birmingham angali kijana. Alipanga chumba Lozells na tangu hapo hakuhama mtaa. Kazi yake ilikuwa kuosha mabasi, kazi ya alfajiri, na jioni zake za mwanzo mjini zilikuwa ndefu na baridi. Jioni moja alikuwa amesimama kituoni akingoja basi, upepo ukamletea harufu ya mafuta ya nyonyo. Mama yake alikuwa akimpaka mafuta hayo tumboni alipokuwa mdogo. Kuyasikia katika mji ule kulimshtua kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akaliacha basi lipite, akaifuata harufu mpaka kwenye geti la uwanja, na huko akagundua kwamba Waingereza wanayatia kwenye injini za pikipiki.

Mchezo wenyewe unaitwa spidwei. Pikipiki nne huzunguka mara nne, kuelekea kushoto, juu ya changarawe nyekundu. Zina gia moja na hazina breki. Kwenye kona mpanda huiachia pikipiki iende ubavu, gurudumu la nyuma likirusha changarawe hadi kwa watazamaji, naye akiburura mguu wake wa kushoto uliovishwa soli ya chuma. Vuai hakuwa amewahi kuona watu wakilicheza jambo la hatari kwa ustadi namna ile. Wiki iliyofuata alirudi, na nyingine, na baada ya miaka michache wakampa koti la uwanja na bendera nyekundu, wakamweka kona ya pili. Hakulipwa, na hakuwahi kuuliza. Mpanda akianguka, refa aliye juu kwenye chumba cha vioo huwasha taa nyekundu, na washika bendera hupunga ili wanaokuja nyuma wafunge mafuta na kusimama. Ndiyo kazi yote. Sharti lilikuwa moja, na alilijua vizuri: taa ya refa kwanza, bendera baadaye.

Yeye ndiye aliyempeleka Lionel uwanjani. Lionel alikuwa mtoto wa jirani yake, Nabintu, mwanamke wa Bukavu aliyefika Birmingham na mtoto mgongoni na mumewe amebaki kaburini. Kijana yule alikua akimwita Vuai ankol. Alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na sasa alikuwa mpanda wa timu ya nyumbani, mwepesi, asiyependa kubaki nyuma ya mtu.

Nabintu hakuwahi kwenda kumtazama. Kila walipokutana na Vuai mlangoni, neno lake lilikuwa lile lile.

"Papa Vuai, ile kapikipiki haiko na frein. Na weye ndjo ulimupelekaka kule."

"Najua, Mama Lionel."

"Kila Jumapili niko naomba kwa kanisa wafunge ile fasi."

 Vuai alihisi kwamba maombi ya mama yule yalikuwa yameanza kusikiwa, na hakujua kama ni jambo la kushukuru.

Mwezi wa Julai mwenye timu aliwakusanya chini ya jukwaa akawaeleza yale ambayo kila mtu alikwisha kuyanusa. Uwanja unauzwa, nyumba zitajengwa. Mbio za mwisho zitakuwa Septemba. Ametafuta sehemu nyingine jirani, hakupata. Watu walisikiliza wakitazama chini. Coventry walikwisha kupoteza uwanja wao, Wolverhampton nao wakafuata, na wazee wengi pale walikuwa wamehama kutoka mmoja hadi mwingine wakifukuzwa na matingatinga. Sasa hapakuwa na pa kuhamia karibu.

Tangu siku hiyo uwanja ukawa kama nyumba ya mtu aliyekata tamaa. Hakuna aliyetaka kununua changarawe mpya kwa ajili ya ardhi itakayofukuliwa. Mvua iliosha ile ya zamani, na kwenye kona ya pili, hatua chache kutoka alipokuwa akisimama Vuai, pakatokea bonde. Oliver, mzee aliyeendesha trekta ya uwanja, alilijaza, akalimwagia maji, akalishindilia. Baada ya mbio mbili tatu lilifunguka tena. Mito ya hewa iliyopangwa ukutani ili kuwapokea waangukao ilikuwa ikivuja, na pampu yake ililia mfululizo kama mgonjwa wa pumu.

"Litatufikisha mwisho wa msimu," Oliver alisema, akiligonga bonde kwa kisigino.

Agosti, mpanda mgeni aliingia bondeni, pikipiki ikamrusha. Vuai alikuwa wa kwanza kufika. Mtu yule alikuwa macho, mfupa wa mtulinga umevunjika, akiuliza kwa sauti ndogo kama mkewe ameona. Alipona. Lakini Vuai hakuweza kuitoa sauti ile masikioni. Alianza kufika uwanjani mapema ili apite kwenye kona yake kwa miguu, akiisikiliza changarawe chini ya viatu. Asmahan aliona kwamba mumewe hali chakula vizuri siku za mbio.

"Mwambie huyo kijana asipande," alimwambia.

"Hatonisikiliza."

"Basi wewe usiende."

"Nisipokwenda, nani atasimama pale?"

Siku ya mwisho mawingu yalikaa chini tangu mchana. Watu walijaa kuliko Vuai alivyowahi kuona, wengine wazee waliokuwa hawajafika kwa miaka, wamevaa beji kutoka mabega hadi kiunoni. Walipigana picha. Walichota changarawe wakaitia kwenye chupa. Hapakuwa na makelele ya furaha. Walizungumza kama watu waliokaa nje ya chumba cha hospitali. Vuai aliichunguza kona yake. Bonde lilikuwa limejazwa, lakini alipolikanyaga lilizama kidogo.

Mbio zilipita moja baada ya nyingine na jioni ikaanza kuwa ya kijivu. Timu zililingana pointi, hata ikawa mbio ya mwisho ndiyo itakayoamua mshindi. Lionel alipangwa ndani yake. Utepe wa kuanzia uliporuka alitoka mbele, na uwanja mzima ukasimama.

Mzunguko wa kwanza alipita salama. Wa pili, gurudumu lake la mbele liliruka kidogo lilipogusa bonde, na gurudumu la nyuma likaking'oa kilichobaki. Vumbi lilipotua Vuai aliona saruji ya chini imetokeza, nyeupe kama mfupa. Wale wengine watatu walipita pembeni. Lionel alikuwa amekwisha kuingia upande wa pili wa uwanja, akiegemea, akiongoza, akirudi. Njia yake ilikuwa ile ile. Vuai alitazama juu kwenye chumba cha refa. Taa haikuwaka. Hakuna aliyeanguka, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuwaka.

Akapunga bendera.

Hakukumbuka kuuamuru mkono. Lionel aliona wekundu mbele yake, akafunga mafuta, akanyoosha pikipiki na kwenda kusimama karibu na uzio. Wengine wakasimama nyuma yake. Injini zikazimika. Kisha watu wakaanza kuzomea.

Refa alishuka mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimuumiza Vuai zaidi.

"Kuna mtu alianguka?"

"Hapana."

"Mbona umepunga?"

Vuai akamwonyesha saruji. Oliver naye akaja, akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Ni baya," alisema. "Sijui kama ni baya kuliko la wiki iliyopita." Refa akaamuru kona ijazwe, mbio irudiwe. Oliver alikuwa hajageuza trekta mvua ilipoanza, na haikuwa ya kungojwa ipite. Changarawe ikawa uji. Kipaza sauti kikatangaza kwamba mbio ya mwisho imefutwa, na matokeo yatabaki sare.

Mama mmoja wa makamo alimpita Vuai akielekea getini. "Baba yangu ndiye aliyenileta hapa mara ya kwanza," alimwambia. "Nilitaka tu kuiona ikiisha." Hakusema kwa hasira. Akaendelea na njia yake.

Lionel alikuja na kofia ya chuma mkononi, uso umelowa.

"Kwa nini, ankol?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Niliona shimo, mwanangu."

"Na mimi nililiona. Tangu asubuhi nilijua litafunguka. Nilishapanga kulikwepa mzunguko ule."

Vuai alimtazama usoni, akitafuta kama ni kweli.  Labda kijana angelikwepa. Labda angekuwa amelala pale akiuliza kama mama yake ameona. Vuai alielewa kwamba hatajua kamwe, na kwamba uwanja ule hautapata siku nyingine ya kumwonyesha.

"Huenda," alisema.

Lionel aliondoka bila kuaga.

Kesho yake Nabintu aligonga mlango na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, lililofunikwa kitambaa. "Aksanti, Papa Vuai," alisema, akamshika mikono yote miwili. "Sasa imeisha." Vuai alilipokea bakuli kwa sababu ya heshima. Hakumwambia kwamba Lionel alikuwa amekwisha kutia saini na timu ya mji mwingine, mbali huko kaskazini. Hilo kijana angelisema mwenyewe, na alilisema kabla ya Krismasi, na kwa siku kadhaa Vuai alimsikia Nabintu kupitia ukuta akiomba kwa sauti.

Januari matingatinga yaliingia. Majirani waliokuwa wakilalamikia kelele za injini sasa walifunga madirisha kwa ajili ya vumbi jekundu, ambalo lilitua juu ya magari na nguo zilizoanikwa. Asmahan aliikung'uta kanga yake akaiingiza ndani.

Majira ya kuchipua Lionel alisimamisha gari nje ya nyumba. Hawakuwa wamesemezana msimu mzima wa baridi.

"Kule kaskazini wana upungufu wa washika bendera," alisema. "Wazee wanaacha, vijana hawaji."

"Na uwanja?"

"Mzuri. Wana mkataba wa msimu huu. Wa mwaka ujao mwenye ardhi hajasema."

"Amenyamaza tu?"

"Amenyamaza."

Vuai alikwenda ndani kuchukua koti. Njiani walizungumza habari za mabasi na za Nabintu. Uwanja ulikuwa nyuma ya viwanda, changarawe yake laini, nene, imesawazishwa vizuri. Walimpa kona ya nne. Kabla ya kuvaa kofia, Lionel alimfuata mpaka uzioni.

"Ankol, leo subiri taa."

"Siwezi kukuahidi, mwanangu."

Lionel alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda kuwasha pikipiki. Vuai akaigeukia changarawe, akaanza kuikanyaga taratibu, hatua kwa hatua, kutoka ukutani hadi ukingo wa nyasi.