Sinia lililochelewesha magari ya uwanja wa ndege

Jua ndiyo kwanza linaanza kupiga mabati ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na tayari Sudha amekataa masinia matatu. Analigeuza la nne, analigonga kwa kidole, anasikiliza.

"Mama Kartik, unanunua sinia au unachagua mkwe?" anauliza Fikirini, muuza vyombo, huku akiupisha mkokoteni uliosheheni vitunguu.

"Nataka la watu kumi na wawili."

"Kumi na wawili sinia moja! Harusi ya nani?"

"Si harusi. Wageni wangu wanarudi."

Fikirini anaacha utani. "Wale?"

"Walewale."

"Basi weka hilo chini. Nina moja ndani, lina ukingo."

Sudha ni mpishi. Kwa miaka thelathini amepikia karamu za watu katika jiko la nyumba ya familia yao, si mbali na Mnazi Mmoja. Kwa kufuata dini yao ya Kihindu, nyama, samaki wala yai havijawahi kuvuka kizingiti cha jiko hilo.

Hilo ndilo lililomleta Benedict mwaka jana. Benedict, msuluhishi wa migogoro, alikuwa na wageni wa faragha: Waisraeli na Wapalestina, mabalozi wastaafu, madaktari na walimu, waliotafuta mahali mbali na kwao pa kuzungumzia amani bila kamera. Alihitaji ukumbi wa juu wa nyumba ile, na chakula ambacho hakuna upande utakaokitilia shaka.

"Aliniambia jiko langu halijagombana na mtu," anasema Sudha.

Hata hivyo, mzee mmoja wa Haifa, mshika dini, alikuwa na ombi. Sheria ya dini yake ilitaka moto wa kupikia chakula chake auwashe Myahudi. Kila asubuhi akashuka jikoni na kiberiti chake.

"Nikamwambia, 'Babu, kwetu mgeni hapewi jiko siku ya kwanza,'" anasema Kuruthumu, msaidizi wa Sudha tangu ujana wao, ambaye leo amekuja kumsaidia kubeba. "Benedict akamfasiria. Alicheka mpaka njiti ikazimika."

Sudha alipakua kwa desturi ya kwao: kila mtu na sahani yake ya chuma, na vibakuli vyake. Alivyolelewa, chakula kilichoguswa na mkono wa mwenzako hakitiwi mdomoni. Lakini wageni wakaigeuza desturi ile kuwa ukuta. Kila mmoja alibeba sahani yake kwenda upande wa wenzake, wakala wamepeana migongo.

Siku ya tatu, Ijumaa, kelele za ukumbini zilisikika hadi jikoni. Benedict akashuka, uso umempauka.

"Mama Kartik, pika, lakini sijui nani atakula. Wameita magari ya uwanja wa ndege."

Sudha alikimbilia getini kuwabembeleza madereva. "Niliwaambia, 'Wanangu, wacheni wale kwanza. Mtu hapandi ndege na njaa.'" Aliporudi, akaona sahani za chuma zimepangwa vilevile, kavu, na wali haumo sufuriani.

"Umepakulia wapi?"

"Kwenye sinia la kuchambulia mchele," Kuruthumu akajibu. "Leo si Ijumaa? Kwetu Ijumaa sinia."

"Umeniua, Mama Hashimu! Watu hawataki hata kutazamana, wewe unawalisha chombo kimoja!"

"Limeshapanda. Meza imejaa ramani, nimewawekea mkekani."

Sudha alipanda ngazi mbiombio, akasimama mlangoni. Anapofika hapa katika simulizi, sauti inashuka, na Fikirini naye anaacha kufuta sinia.

Wageni walikuwa wamesimama kulizunguka sinia. Wali, biringanya, dengu, vyote pamoja. Kisha daktari mmoja wa Nablus akavua viatu, akakaa. Akasema mama yake alikuwa akipakua hivyo. Mzee wa Haifa akajibu kwa Kiarabu, na vichwa vyote vikageuka. Mama yake alizaliwa Baghdad, alisema. Naye alipakua hivyohivyo.

Mzee alitaka kukaa, magoti yakagoma. Daktari akamnyooshea mkono.

"Halafu nikaona yule daktari anachukua kipande kizuri cha biringanya," anasema Sudha, "anakisogeza upande wa mzee. Kwa vidole vyake! Mzee akakila. Mwili ulinisisimka. Nilitaka kuondoka, nikabaki natazama."

Wengine wakakaa, mmoja mmoja. Nje, madereva walisubiri mpaka alasiri, kisha wakaondoka na magari matupu.

Hawakupatana siku ile. Benedict halifichi hilo, na kule kwao bunduki hazikunyamaza. "Lakini walibaki siku mbili zaidi," husema, "na wakaahidi kuonana tena."

Ahadi hiyo inaangukia kesho. Mzee wa Haifa ameshatuma ujumbe: asiguse mtu jiko kabla yake. Daktari wa Nablus hajathibitisha. Njia za kwao hufungwa bila taarifa, na simu yake haipokelewi tangu juzi. Bila yeye, Benedict anahofia Wapalestina wengine hawatakaa.

Sudha amenunua biringanya za watu wote kumi na wawili, daktari akiwamo.

"Na wewe?" Kuruthumu anamchokoza, sinia jipya likiwa tayari kichwani. "Safari hii utakaa, au utachungulia mlangoni kama bibi harusi?"

Siku ile mkono wake ulitaka, anasema Sudha, ila koo lilikataa. Tangu hapo amejaribu nyumbani, na mumewe, Rajnikant, kwenye sahani moja. Tonge la kwanza lilimshinda, la pili likapita.

Simu inalia. Ni Benedict. Sudha anasikiliza, anaziba sikio la pili kwa kiganja, anauliza mara mbili: "Daktari amevuka mpaka? Una hakika amevuka?"

Anaishusha simu taratibu, anamgeukia muuza vyombo.

"Fikirini, hilo la watu kumi na wawili, wakijibana, linatosha kumi na watatu?"