Mifuko ya Uzi wa Kijani

Nimekosa, na nilikosa macho yakiwa wazi. Sikudanganywa na mtu, sikuwa nimelewa, wala siku hiyo sikuwa na njaa. Jina langu sitalitaja. Niite mwoga, una haki.

Ninaishi Likasi. Nilikuwa ninauza mifuko mitupu sokoni Kikula, ile ya plastiki iliyosukwa ambayo akina mama wanatilia unga wa mahindi. Mipya ni ghali. Mimi niliokota iliyotumika kwenye depo za madini, mahali wachimbaji wanapouza mawe yao. Wakishamwaga mawe, mfuko unatupwa. Niliifua mtoni, nikaianika, nikaishona ilipopasuka kwa uzi wa kijani wa nyavu za samaki. Uzi huo haukatiki ng'o! Ikafika hatua wateja hawaulizi jina langu tena, wanaulizia "ile ya uzi wa kijani".

Jamani, nilijivuna! Kabla ya hapo nilikuwa kibarua wa kuponda mawe kule Kakontwe, na mshahara ulikuja ulipotaka wenyewe. Biashara ndiyo iliyonipa paa la bati na karo ya watoto, na hadi leo sitaitukana. Kanisani nilisimama nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amenipa macho ya kuona mali pale wengine wanapoona takataka. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akawaambia vijana waniige. Na kila aliyenilalamikia bei nilimjibu hivi: soko ni huru, sijamshika mtu mkono anunue.

Siku moja deponi nikakuta rundo la mifuko limetengwa peke yake karibu na ukuta. Mizuri, karibu mipya! Mlinzi wa pale, Papa Kazadi, mzee tuliyezoeana, akaona ninavyoikodolea macho.

"Papa, ile ya pale usiguse. Inatoka Shinkolobwe. Miye mwenyewe nakalaka mbali nayo."

Shinkolobwe! Nani wa Likasi asiyeujua mgodi ule? Ulifungwa, mawe yake yana sumu ambayo huioni wala huinusi, lakini watu wanachimba kwa kujificha. Nilijua. Nikasubiri mzee aende kufungua geti, nikaibeba yote.

Nilijiambia vumbi ni vumbi tu, maji yataliondoa. Nikaifua mara mbili, kana kwamba kufua mara mbili ni dawa! Nikaishona, nikaichanganya na mingine, nikauza. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Alphonsine, muuza unga ambaye tunasali naye kanisa moja.

Haikupita muda, lori likaingia deponi na mawe ya kulekule. Mnunuzi akatoa mashine yake ya kupimia mionzi ya sumu ile, ikalia bila kunyamaza. Akakataa mzigo wote! Akaamuru lori litoke, na mifuko iliyokwisha kushushwa uani ifukiwe. Mtu yule ninamjua, hubishana hadi jasho limtoke kwa ajili ya kilo moja. Kumwona yeye anakataa mali, nikajua nimeuza nini.

Papa Kazadi akanisogelea taratibu. "Ile mifuko ya siku ile, njo weye ulibeba?"

Nikasema hapana. Kisha nikakimbia Kikula.

Nilimkuta Mama Alphonsine anapima unga, mfuko uko wazi mbele yake, mshono wa kijani unaonekana. Nikamwambia ninataka mifuko yangu yote, nitamlipa zaidi ya alivyonunua.

"Juu ya nini? Mifuko yako iko muzuri, aipasukake hata!" Kisha akatabasamu. "Ah, Papa, miye nakujua. Umepata client mukubwa, unanificha."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu! Lakini niliona soko zima likinigeukia, unga ukimwagwa, polisi, mtaji wa yule mama ukipotea kwa siku moja. Nikajidai ninamhurumia yeye. Uongo mtupu! Nilikuwa ninajihurumia mimi.

"Njo vile, Mama," nikasema. "Nimepata client."

Akacheka, akapandisha bei.

Habari zikaenea kwamba kuna mnunuzi wa mifuko ya uzi wa kijani. Kila asubuhi watu mlangoni! Ninanunua, ninachimba nyuma ya nyumba, ninafukia. Mke wangu akashika kiuno.

"Weye unanunua mifuko ya zamani, bei inapita ya mipya, halafu unazika? Uko na akili kweli?"

Niliwakataza tu watoto kucheza upande ule.

Basi ikaja siku nikaletewa mifuko ambayo mkono wangu haukuishona. Mshono wa ovyo, uzi mpya kabisa, wa kijani! Watu walikwenda kununua uzi, wakashona mfuko wowote waliouokota, wakaniuzia. Nitamlaumu nani? Soko lilisikia kuna anayetaka, likaleta, kama nilivyokuwa nikilisifia. Na wenye mifuko yangu halisi wakaificha ndani, wanangoja bei ipande zaidi. Pesa zikaniishia. Mifuko ile bado inazunguka, na uzi wangu hauozi.

Sijasikia mtu aliyeugua. Unadhani hilo linanituliza? Ningejuaje! Mtoto wa jirani akikohoa, ninasimama. Nikipita sokoni ninainama kutazama mishono, watu wanafikiri nimeangusha kitu. Nakaa, nainuka, natoka, narudi. Juzi Mama Alphonsine alitualika baada ya ibada, akatupikia bukari, ugali wa unga wake mwenyewe, akaiombea biashara yangu. Watoto wangu wakala na kuongeza. Na mimi nikala.

Ndugu msomaji, fanya biashara. Pata, jenga, somesha watoto, usimwonee haya mtu. Lakini usijifiche nyuma ya maneno yale niliyojifichia mimi. Nilisema sijamshika mtu mkono. Ni kweli, nilimfumba macho! Mimi nilijua ninachouza, yeye hakujua anachonunua, na bado nikauita uhuru. Ukiwa na neno ambalo mteja akilisikia ataacha kununua, basi hilo ndilo neno la kumwambia. Mwambie mapema, kabla halijawa ghali kama langu.

Na wewe mwenye unga ndani, Likasi au popote mzigo wetu unapofika, inuka sasa hivi ugeuze mfuko wako. Ukiona uzi wa kijani, usile kilichomo. Na usimuuzie mtu mfuko huo, hata akikupa bei nzuri kiasi gani.

Majina yote ya watu humu nimeyabadilisha. Rangi ya uzi sikuibadilisha, na Kikula nzima inajua ni wa nani.