Boksi Chini ya Lori

Jirani yangu hamsalimii mtu asubuhi kabla ya kulijulia hali lori lake, lori dogo la dizeli la mtumba, moja ya yale ambayo dereva hukalia injini. Kila jioni hutandaza boksi chini yake. Kukipambazuka hulivuta boksi hilo, hulipeleka penye mwanga na kupapasa madoa ya oili kwa kidole gumba, midomo ikimchezacheza. Doa likizidi la jana, chai haishuki. Lori lolote likikohoa barabarani, hukatiza maneno na kukaza shingo mpaka lipite.

Leo boksi lilitoka kavu. Nikadhani atafurahi, kumbe alikaa chini palepale. “Oili imekwisha yote,” aliniambia kwa sauti ndogo. “Injini ndiyo basi tena.”

Mkewe akachungulia mlangoni. “Baba watoto, hilo ni jipya, nimeliweka mimi sasa hivi; la usiku nimelitupa jalalani. Nilitaka leo unywe chai kwa amani.”

Mume akakimbilia jalalani, akalifukua la zamani, akagusa doa bichi, akanusa kidole, akashusha pumzi. “Lori bado linavuja,” akasema, karibu atabasamu. Kisha akaligeuzia boksi kwenye mwanga.

“Jirani, hebu njoo uone. Doa hili si kubwa kuliko la jana?”