Mtu wa Kukanyaga Breki

Wenzake gereji walimwita Fundi Pole, kwa kuwa kila mwenye gari aliyefika amekunja uso alimpokea kwa maneno yale yale: "Pole. Linaumwa, lakini halifi." Alipostaafu jina likabaki, ila watu wa kuliita wakapungua. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Binti yao wa pekee aliolewa mbali. Katika vyumba vile viwili kilichokuwa kikimjibu ni jokofu, nalo lilinguruma pale tu lilipotaka.

Siku moja, akirudi kutoka makaburini, aliona gari lake zito kama linakokota jiwe. Akiinua mguu kwenye mafuta, haliserereki, linasimama lenyewe. Alipoegesha uani, harufu ya kuungua ikamfikia kabla hajafungua mlango. Akalizunguka akisogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nyuma kushoto ilimpiga joto la jiko.

"Pole," akaliambia gari.

Akaliacha lipoe, akalipiga jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka vizuri. Akashuku handibreki. Akalala chini akaukagua waya wake: umelegea, haushiki kitu. Basi akaingia ndani, akakanyaga breki, akaachia, akatoka kwenda kutazama. Lakini magoti yana umri wake. Mpaka ashuke, ashikilie mlango, azunguke, ainame, gurudumu lilikuwa jepesi tena. Akarudia. Vile vile. Ugonjwa unajificha mganga akija.

Alijua kinachokosekana. Kazi ile ni ya watu wawili, na miaka yote wa pili alikuwa mkewe. Alikuwa akikaa kwenye usukani na ushonaji wake mapajani. Akisikia "Kanyaga!" anakanyaga, akisikia "Achia!" anaachia, wala hakatizi umbea aliokuwa akiusimulia. "Hivi wewe," aliwahi kumuuliza, "ukinifokea hivyo breki inapona upesi?"

Fundi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, spana mkononi, mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia.

Ghorofani aliishi muuguzi mmoja. Walikuwa wakisalimiana ngazini, basi, kila mtu na njia yake. Fundi alizipanda ngazi zile akipanga maneno kama mtu anayekwenda kuposa.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo mzee. Kuna tatizo?"

"Marahaba, mama. Si tatizo. Nilikuwa naomba… mguu wako."

Muuguzi akamkodolea macho. "Mguu wangu?"

"Wa kukanyagia breki. Mara moja tu."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Mzee umenitisha! Nimetoka zamu sasa hivi, nikajua kuna mtu kaanguka. Twende."

Alipoketi kwenye usukani akakivuta kiti mbele, maana miguu yake haikufika. Fundi alisikia ule mlio wa kiti kusogea, akainama haraka nyuma ya gari.

"Kanyaga… Achia."

Akalishika gurudumu. Limekaza kama limepigwa misumari. "Kumbe uko hapa," akanong'ona. Akalegeza ile nati ndogo ya kutolea hewa. Mafuta ya breki yakaruka, na papo hapo gurudumu likawa huru.

"Umeona nini?" muuguzi akauliza, ameshashuka.

"Pistoni ingekuwa imekwama, isingeachia hata mafuta yakitoka. Huu mpira wa kupitishia mafuta ya breki umevimba ndani. Mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu, kurudi yanakosa njia, pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski."

Muuguzi akachungulia. "Mbona kwa nje mzima?"

"Kwa nje mzima kabisa."

"Basi ni kama mshipa wa damu." Akapiga miayo. Fundi akamkaribisha chai. "Siku nyingine, mzee. Usingizi unaniua."

Kesho yake Fundi alinunua mpira mpya akaufunga. Kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki nako kunahitaji mtu wa pili. Alimsikia muuguzi akishuka ngazi kwenda kazini, akaona haya kumwomba tena. Akachomeka kijipira kutoka kwenye ile nati hadi ndani ya chupa yenye mafuta na kufanya peke yake, akipanda na kushuka, kazi ya muda mfupi ikala alasiri nzima.

Kisha akaliendesha mbali kidogo na kurudi. Akaigusa rimu, safari hii kwa kiganja kizima. Haikupita nyingine kwa joto.

Akampigia binti yake.

"Baba, niko kazini, nitakupigia."

"Haya mama, hakuna neno."

Jioni akasikia mlango wa ghorofani, kisha bomba likimwaga maji. Akasimama kwenye ngazi ya chini, mikono inanuka mafuta, akijiuliza kama gurudumu kupona ni habari ya kutosha kumsumbua mtu aliyechoka. Bomba likafungwa. Akasubiri kidogo, kisha akaingia ndani kunawa.